Ganzi Ikikataa Kushika

BAKARI: Wasikilizaji, hamjambo. Wiki iliyopita dada Salma aliendesha kipindi peke yake kwa sababu nilikuwa nauguza jino. Gego la chini, upande wa kulia. Shavu limevimba, mdomo haufunguki vizuri.

SALMA: Pole sana, Bakari. Na ulichelewa kwenda.

BAKARI: Siku nne nzima nilikuwa nameza dawa za maumivu tu. Nilipofika nikachomwa sindano ya ganzi palepale kwenye fizi iliyovimba. Koleo kugusa jino, nikaruka. Nikaongezwa ya pili, bado. Aliyekuwa ananihudumia akaniambia, "Wewe ni mwoga." Neno hilo nimelala nalo. Wewe umefanya kazi ya usingizi na ganzi miaka mingi chumba cha upasuaji. Nilikuwa mwoga?

SALMA: Hapana. Na neno hilo linaniuma kila nikilisikia, maana mgonjwa akishaambiwa hivyo, safari nyingine anavumilia kimya. Ganzi haikushika, na ipo sababu.

BAKARI: Tueleze basi.

SALMA: Mshipa wa fahamu unapeleka habari kwa umeme, na umeme huo unatokana na chembe za sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi. Kwenye ukuta wa mshipa kuna vilango vidogo mno. Kimoja kikifunguka sodiamu inaingia, cha jirani nacho kinafunguka, hivyo hivyo mpaka ubongoni. Lidokeini, ambayo hospitalini wengi tunaiita lignokeini, inaziba vilango hivyo. Jino linang'olewa, lakini habari inakatikia njiani.

BAKARI: Kwa hiyo haiui mshipa? Maana tunasema mahali "pamekufa ganzi".

SALMA: Haiui. Damu inaiondoa dawa pale, ini linaivunjavunja, na mshipa unarudi kazini. Sasa sikiliza jambo lenyewe. Dawa hii inaziba kilango kutokea ndani, kwa hiyo sharti ipenye kwanza ukuta wa mshipa, na ukuta ule ni wa mafuta. Ndani ya sindano dawa iko katika hali mbili, moja ina chaji ya umeme, nyingine haina. Isiyo na chaji ndiyo inayopita kwenye mafuta. Penye usaha pana asidi, na asidi inaifanya sehemu kubwa ya dawa iwe na chaji. Inabaki nje, mlango haijaufikia.

BAKARI: Ndiyo maana hata ya pili haikusaidia!

SALMA: Tena mahali palipovimba damu ni nyingi, inaikokota dawa upesi, na mishipa ya fahamu yenyewe imeshachokozeka. Mara nyingi njia ni kuchoma mbali na uvimbe, kule nyuma mshipa wa taya la chini unapoingilia mfupa. Au usaha utolewe kwanza, na jino lingoje.

BAKARI: Ndivyo nilivyofanyiwa nilipokwenda mara ya pili, kwa daktari mwingine. Maumivu sikuyasikia. Ila nilihisi kusukumwa, na mfupa ukilia. Nikaogopa kwamba ganzi inaisha.

SALMA: Mishipa myembamba ya maumivu na ya baridi huzibwa mapema, ile minene ya mgandamizo huchelewa au haizibwi kabisa. Akina mama wanaojifungua kwa upasuaji baada ya sindano ya mgongo huhisi hivyohivyo. Kabla kisu hakijagusa, nampitishia mama pamba yenye spiriti tumboni. Akiacha kusikia ubaridi, najua maumivu nayo yamezibwa. Kisha namwambia: utahisi kuvutwavutwa, mtoto anatolewa, lakini ukisikia uchungu wa kisu sema. Na kichefuchefu kikianza, nijulishe papo hapo, maana sindano ile hushusha presha.

BAKARI: Hivi kabla ya ganzi watu walikuwa wakifanywaje?

SALMA: Fikiria upasuaji wa jicho, mgonjwa yuko macho na anasikia kila kitu. Mwaka 1884, Vienna, daktari kijana Carl Koller alidondosha kokeini kwenye macho ya wanyama, kisha kwenye jicho lake mwenyewe, akaligusa kwa kichwa cha pini asisikie kitu. Lakini kokeini ina uraibu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikaja dawa nyingine ya ganzi, Novocain, na mwaka 1943 Nils Löfgren wa Sweden akatengeneza lidokeini, tunayoitumia hadi leo.

BAKARI: Mimi baada ya sindano moyo ulidunda sana. Nikadhani dawa imenikataa.

SALMA: Huenda ilichanganywa na adrenalini, ambayo inabana mishipa ya damu ili dawa ikae. Kudunda kule hupita baada ya dakika chache. Ninachokiogopa mimi ni dawa kuzidi kwenye damu. Ulimi na midomo inakufa ganzi yote, kinywa kinakuwa na ladha ya chuma, masikio yanavuma. Isipotambuliwa mapema hufuata degedege, na moyo unaweza kusimama.

BAKARI: Kwa hiyo kuna kiwango.

SALMA: Kiwango cha juu kinachotumika sana ni miligramu 4.5 kwa kila kilo ya mwili, kwa lidokeini isiyo na adrenalini. Ile ya asilimia 2 ina miligramu 20 kwenye kila mililita. Mtoto wa kilo 10, basi, mwisho wake ni mililita mbili na kidogo. Sindano ndogo tu! Kwa hiyo mzazi akiulizwa uzito wa mtoto asikadirie, mtoto apimwe. Na ikizidi, kuna dripu ya mafuta, nyeupe kama maziwa, inayosaidia kuivuta dawa kutoka kwenye moyo.

BAKARI: Binti yangu anazibwa jino Jumamosi. Ana miaka sita.

SALMA: Akitoka asile mpaka ganzi iishe, muda wa saa mbili au tatu, pengine zaidi. Na umwangalie mdomo. Watoto huutafuna wakidhani ni mchezo, ganzi ikiisha wanakuta kidonda.

BAKARI: Nitakaa naye mwenyewe.