Sanamu za Vitu Vilivyotupwa: Somo Linaanzia Kwenye Viungo

NEEMA: Karibu msikilizaji. Leo tunaongea na walimu wa sanaa, hasa wa huku Dodoma, ambako vifaa vya dukani ni ghali lakini gereji na mafundi baiskeli wapo kila mtaa. Kaka Mazengo, nina wanafunzi 50 na rundo la vyuma chakavu. Naanzia wapi?

MAZENGO: Kwenye viungo, dada Neema, yaani pale vitu viwili vinapounganishwa. Walimu wengi wanaanza na wazo: "Tengenezeni twiga." Watoto wanabandika makopo kwa gundi, kesho yake twiga yuko chini vipandevipande. Mwanafunzi ajue kwanza kuunganisha vitu viwili visiachane.

NEEMA: Na gundi ndiyo inayowaponza.

MAZENGO: Hapa kwetu zaidi. Kopo likiwa na vumbi, gundi inashika vumbi, haishiki kopo. Gundi ya vijiti, ile inayoyeyushwa kwa umeme, inalainika tena juani; weka sanamu dirishani mwezi wa kumi uone. Supagluu inahitaji unyevu wa hewa ili ishike, na kiangazi chetu ni kikavu. Mtoto akiona inachelewa anamimina zaidi, ndiyo anaharibu kabisa, maana inataka tabaka jembamba.

NEEMA: Basi tununue waya wa kufungia nondo, ule mweusi laini. Kilo moja yenye unene wa milimita 1.2 inazidi mita 100. Makundi 10 ya watu 5, kila kundi mita 10, na praizi moja kwa kila kundi. Kwenye praizi mwalimu asibane matumizi. Zikiwa mbili darasa zima, kipindi kinaishia kwenye foleni.

MAZENGO: Fundo lenyewe: kunja waya uwe mara mbili, zungusha mara 3 pale vitu vinapokutana, shika ncha kwa praizi. Vuta kwanza, ndipo usokote. Wengi wanasokota bila kuvuta. Fundo linapendeza lakini kiungo kinacheza, wanazidi kusokota mpaka waya unakatika. Likikaza, acha. Bakiza sentimita moja, ikunje ndani isichane mikono.

NEEMA: Na vyuma viwili vikipishana, funga msalaba, pande zote mbili za makutano. Ukifunga upande mmoja, kimoja kitazunguka.

MAZENGO: Hapo umegusa penyewe. Tyubu ya baiskeli iliyokatwa vipande vya sentimita 2 inafaa pia, ukiivuta huku unazungusha. Ila juani mpira unapasuka, kwa hiyo ni kwa sanamu ya ndani au kushikilia wakati unafunga waya.

NEEMA: Vizibo vya soda je? El Anatsui, msanii mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi miaka mingi Nigeria, anaunganisha vifuniko vya chupa kwa maelfu kwa waya wa shaba mpaka vinaning'inia ukutani mithili ya kitambaa.

MAZENGO: Darasani gonga kizibo kiwe bapa, kiweke juu ya ubao laini, toboa matundu 4 kwa msumari mwembamba. Toboa kutoka upande wa rangi, makali yabaki nyuma. Acha milimita 4 kutoka ukingoni, la sivyo linararuka.

NEEMA: Kupanga vitu nako ni somo. Usipange kwa plastiki, chuma na mbao; panga kwa umbo: virefu vyembamba, bapa, vyenye uwazi, vizito. Hapo spoku na kijiti vinakaa pamoja, mtoto anaanza kuona mguu au unyoya. Msanii Picasso mwaka 1942 alichukua kiti cha baiskeli na usukani tu, akapata kichwa cha fahali. Na watoto wa huku ng'ombe wanawajua.

MAZENGO: Betri, vioo, sindano na makopo ya dawa ya kupuliza visiingie kabisa. Plastiki isichomwe, na bati lenye zinki lisichomelewe darasani. Moshi wake unaleta homa.

NEEMA: Tuje kwenye kusimama.

MAZENGO: Miguu 3 haiyumbi sakafuni, 4 inaweza kuyumba. Sanamu ndefu, chukua kopo la rangi la lita 4, saruji kipimo 1 kwa mchanga 3, jaza nusu. Chuma cha kati kikunjwe ncha ya chini kisichomoke. Saruji mbichi inaunguza ngozi, wavae glavu. Kisha funika kwa gunia bichi siku 3, maana upepo wa Dodoma unanyonya maji kabla saruji haijakomaa, inabaki kumomonyoka.

NEEMA: Rangi?

MAZENGO: Mwisho, na kidogo. Kizibo kikipakwa chote hakionekani tena kuwa kizibo.

NEEMA: Na kutoa alama?

MAZENGO: Kabla hujatazama uzuri, shika sanamu sehemu yoyote moja, inyanyue, itikise. Kikidondoka kitu, mrudishie mwanafunzi pamoja na praizi, afunge upya kipindi hichohicho.