Tazameni ncha kabla hamjafyeka

Wanangu, na wenzangu mliokuja kutoka mialoni, asanteni kwa kukaa. Walionisikia mwaka jana wanajua ninakoelekea, na nitaelekea huko huko. Wiki mbili zilizopita nimekuta tena watu wameingia majini hadi kiunoni, mapanga mikononi, wanafyeka majani ya ziwani tangu alfajiri hadi jua la utosi. Walifanya kazi kubwa, siwabezi. Lakini hakuna aliyeokota hata tawi moja akaligeuza mkononi.

Leo nimekuja na habari za nondo mmoja, mdudu wa ukoo wa vipepeo. Hapa kwetu hayupo, kwao ni Ulaya, na jina lake la kitaalamu ni Acentria ephemerella. Ni mweupe, mabawa yake yakitandazwa hayafiki sentimita mbili. Akitua kwenye taa yako usiku utampuuza. Lakini karibu maisha yake yote anaishi chini ya maji.

Nilimwona mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi Marekani, jimbo la New York, kando ya ziwa Cayuga. Mwalimu alijaza maji kwenye beseni jeupe la plastiki, akatumbukiza tawi la Myriophyllum spicatum, gugu lenye vijani vya kuchanikachanika kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa, akatuambia tukae kimya dakika kumi. Nilikereka. Nimevuka bahari nzima kuja kukodolea tawi? Dakika ya saba hivi, ncha ya tawi ikatikisika. Kutazama kwa lenzi, nikaona vijani vya kileleni vimeshonwa kwa nyuzi za hariri, vikawa kama kibanda. Kichwa cha kahawia kikachungulia, kikang'ata mara tatu, kikarudi ndani. Kiwavi! Mfupi kiasi kwamba punje mbili za mchele zikipangwa zinampita. Wapo viwavi wa majini wenye matamvua, huyu hana. Hewa inapenya ngozini mwake.

Nikaanza kurudi kwenye lile beseni kila jioni. Kiwavi akikaribia kuwa pupa, ile hatua ya kutulia kabla ya kuwa nondo, hufuma kifuko kwenye shina, kisha hutoboa shina lenyewe. Mashina ya mimea ya majini yana vijia vya hewa ndani yake, na hewa hiyo ndiyo inayojaza kifuko. Hebu fikirini, nondo anaumbika pakavu katikati ya ziwa, kwa pumzi ya mmea aliokuwa akiula.

Na majike! Wengi wao wana vibutu tu vya mabawa, hawawezi kuruka. Miguu yao ina safu za nywele, nao huitumia kama makasia. Usiku jike hupanda hadi juu, akachomoza ncha ya tumbo nje ya maji, na dume huja akiruka chinichini, karibu anagusa maji. Wakishapandana jike anazama tena kwenda kutaga kwenye majani. Hawali chochote wakiwa wakubwa. Siku moja, mbili, wamekwisha. Wapo majike wachache wenye mabawa kamili, hao huruka, na yamkini ndio wanaofikisha uzao maji mengine, lakini nikianza hilo hatutoki hapa.

Turudi kwenye mapanga. Myriophyllum spicatum ni mgeni Amerika. Liliziba maziwa mengi huko, Cayuga likiwemo, na Cayuga lina urefu wa kilomita 61 hivi. Injini za boti zikanasa, waogeleaji wakakosa pa kuingia. Zikaletwa mashine za kukata. Zinakata nini? Sehemu ya juu. Na kiwavi anakaa wapi? Nimewaambia, nchani! Mashine ikampakia mla gugu pamoja na gugu, ikaenda kumwaga nchi kavu. Tena kila kipande kilichoponyoka kikaelea, kikatia mizizi kwingine.

Nondo huyo hakuletwa na mradi wowote. Alionekana Montreal, Kanada, mwaka 1927, akaenea mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 gugu la Cayuga likaanza kupungua, watafiti wakaenda kutazama, wakakuta ncha zimeliwa. Elodea canadensis, mmea wa asili wa huko, ukarudi.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema, “Mzee, kidudu hicho kiweze ziwa zima?” Hahitaji kulimaliza gugu, akila ncha inatosha. Gugu hili nguvu yake ni kukimbilia juu, likifika linatandaza paa na walio chini wanakosa mwanga. Ncha ikiliwa haliliwahi jua, na wengine wanapata nafasi. Wala si maneno ya mdomoni: watafiti Elisabeth Gross, Robert Johnson na Nelson Hairston walilijaribu, wakachapisha mwaka 2001. Palipokuwa na viwavi gugu lilirudi nyuma na Elodea ikasonga mbele.

Mwingine atasema, na kila mara yupo, “Basi tumlete huku ale gugu maji.” Hapana. Hapana kabisa! Gugu maji linaelea, huyu ni wa mimea iliyozama. Na hachagui mmea mmoja, anakula mimea mingine ya majini, Potamogeton na Ceratophyllum, na hiyo Ceratophyllum tunayo humu humu Ziwa Victoria, vifaranga vya samaki vinajificha ndani yake. Wale fukusi wa Neochetina, wadudu wanaokula gugu maji, walioachiwa ziwani miaka ya 1990 walipimwa kwanza kama wanashambulia mimea mingine. Hatuokoti mdudu kwa sababu mzee fulani amemsifia kwenye mhadhara.

Ninachotaka ni mtazame. Jamii ya nondo wa majini ina aina zaidi ya 700 duniani, na Afrika wapo. Nani kati yenu ameshawahi kumwona mmoja?

Naonyeshwa saa. Samaki nitawagusia tu: samaki wa Amerika wa jamii ya Lepomis huwala viwavi hawa, na samaki hao wanapojaa nondo anakuwa haba, gugu linanenepa. Kwa hiyo ukibadilisha samaki umegusa majani pia. Habari ya majira ya baridi, kiwavi anavyojificha mashinani, naiacha.

Nje chini ya mwembe kuna mabeseni sita na lenzi nne. Matawi tumeyatoa ziwani leo asubuhi, na ncha zake zote zipo. Nendeni wanne wanne, mkae kimya, anayenisubiri kwa swali aje nalo pale pale kwenye beseni.